Pima Faida kwa Siku ya Kazi: Mwongozo kwa Mkulima Mdogo wa Mazao

Mkulima akiulizwa msimu umeendaje, hujibu kwa magunia. "Nimepata ishirini." Jibu hilo halisemi ni siku ngapi za kuinama zimeingia humo, wala ni nani aliyeinama. Kwa miaka mingi nami nilihesabu magunia tu, na nikizipiga upya hesabu za miaka hiyo naona kuna misimu niliyoshangilia ambayo ilitulipa vibaya kuliko ile niliyoinung'unikia.

Kwa mkulima mdogo, kitu kinachoisha kwanza mara nyingi ni mikono, tena katika wiki chache zinazojulikana. Ardhi bado ipo, hata mbegu zimebaki, ila watu wamechoka na magugu yanapanda. Ndiyo maana mwongozo huu unaipima kila hatua kwa swali moja: siku ya mtu mmoja shambani inalipa nini?

Hatua ya 1: Fungua daftari la siku za kazi

Mali bila daftari huisha bila habari, na nguvu za watu nazo ni mali. Chukua daftari la kawaida, kila kipande cha shamba ukipe ukurasa wake. Kila jioni andika tarehe, kazi iliyofanyika, watu wangapi, saa ngapi. Saa 6 za kazi ya shambani zihesabu kuwa siku moja ya mtu. Ukifanya kazi saa 3 peke yako, andika nusu. Mkiwa watatu kwa saa 6, andika 3.

Usimsahau mtu. Mwenzi wako aliyepalilia kabla ya kwenda kupika, kijana aliyepitia shambani saa moja baada ya shule, bibi aliyekaa kivulini akichambua mbegu, wote waingie. Kazi ya familia ndiyo inayopotea kwenye hesabu, na kwa wakulima wadogo wengi ndiyo kubwa kuliko nyingine zote. Mtu ambaye kazi yake haiandikwi haulizwi pia anachoka kiasi gani.

Upande wa pili wa ukurasa andika kila pesa iliyotoka, na mavuno kwa kilo. Chakula mlichokula wenyewe kihesabu kwa bei ambayo mngekiuzia, kwa sababu msingekilima mngekinunua.

Msimu ukiisha, chukua thamani ya mavuno yote, toa vitu vyote ulivyonunua au kukodi, pamoja na malipo ya vibarua. Kinachobaki gawanya kwa siku za familia. Jibu ndilo malipo yenu ya siku.

Tuseme kipande cha kwanza kilitoa gunia 20 za kilo 100, na gharama zikameza thamani ya gunia 8. Mlifanya kazi siku 60. Zimebaki gunia 12, yaani kila siku ililipa kilo 20. Kipande cha pili, sawa kwa ukubwa, kilitoa gunia 15, gharama zikala gunia 4, na kazi ikachukua siku 35. Zimebaki gunia 11, kila siku ikalipa kilo 31. Jirani atamsifu mwenye gunia 20. Lakini angalia: zile siku 25 za ziada kwenye kipande cha kwanza zililetea familia gunia moja tu zaidi, yaani kilo 4 kwa siku. Kama siku hizo zingekuwa za kukaa bure, gunia hilo ni halali yenu. Kama zingeweza kwenda kwenye bustani, mifugo, biashara ndogo au kupumzisha mgongo unaouma, hapo mmelipia gunia moja ghali mno.

Linganisha pia malipo hayo na ujira wa kibarua mahali ulipo. Siku ya shambani kwako ikilipa chini ya ujira huo kwa misimu miwili mfululizo, kipande hicho kinahitaji zao jingine au namna nyingine ya kulima.

Hatua ya 2: Tafuta wiki zinazokaba koo

Chora msimu wako wiki kwa wiki, kisha kwenye kila wiki jaza siku za watu zilizotumika. Utaona vilima viwili au vitatu: kupanda, palizi ya kwanza, kuvuna. Kwingineko ni tambarare.

Mchoro huu utakuokolea pesa nyingi. Siku utakayookoa kwenye wiki tulivu haina thamani kubwa. Siku utakayookoa kwenye kilima cha palizi ndiyo inayoamua utavuna nini. Kwa hiyo usinunue kifaa wala usiajiri mtu kabla hujajua kilima chako kiko wapi.

Kisha pima ukubwa wa shamba lako kwa palizi. Mko watu wazima 3, mnafanya kazi siku 5 kwa wiki, na palizi ya kwanza lazima imalizike ndani ya wiki 2. Mna siku 30 za watu. Ikiwa ekari moja huwachukua siku 12 kupalilia, nguvu zenu ni ekari mbili na nusu, basi. Trekta la kukodi linaweza kulima ekari 4 kwa muda mfupi, na moyo unafurahi kuona eneo lote jeusi. Baada ya wiki tatu zile ekari moja na nusu za ziada zimegeuka pori lililokula mbegu na mbolea yako. Nimepitia hilo, na kilichouma zaidi ni kwamba ekari zile mbili na nusu nazo ziliharibika, kwa kuwa tulikuwa tukikimbia huku na huku tukijaribu kuokoa zote. Mtaka yote hukosa yote.

Punguza eneo, au tafuta njia ya kupalilia haraka zaidi. Huna njia ya tatu isipokuwa vibarua, nao wana hesabu yao ambayo tutaifikia.

Hatua ya 3: Hamisha kazi zinazohamishika

Kuna kazi zinazofanywa wiki ya kupanda kwa mazoea tu. Kusomba samadi, kunoa majembe, kukata kamba na kuitia alama, kununua mbegu, kuchimba mashimo au kupasua mistari kwenye ardhi kavu, vyote hivi vinaweza kumalizika kabla ya mvua.

Kujaribu uotaji wa mbegu nako kuna nafasi yake hapa. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zikae kivulini, baada ya siku 7 hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, ongeza kiasi cha kupanda au tafuta mbegu nyingine. Jaribio hili halimalizi hata saa moja, na linakuepusha na kurudishia, yaani kupanda tena pale ambapo mbegu hazikuota, kazi ya kuchosha ambayo mara nyingi haizai kitu kwa sababu mche wa kurudishiwa hukua chini ya kivuli cha wenzake.

Maandalizi ya mapema yana faida nyingine iliyofichika ardhini. Udongo uliokauka muda mrefu ukiloweshwa na mvua ya kwanza, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachilia naitrojeni, chakula kikuu cha mimea, kwa wingi na kwa muda mfupi. Mtaalamu wa udongo H. F. Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958. Anayepanda mvua zinapoanza kushika hukuta chakula hicho mezani. Anayechelewa hukuta mvua imeshakizamisha chini ya mizizi, halafu analazimika kununua mbolea kufidia kilichokuwa cha bure.

Kama una vipande kadhaa, usivipande vyote siku moja. Achanisha kwa siku 7 hadi 10 pale mvua inaporuhusu, au changanya aina ya kukomaa mapema na ya kuchelewa. Vilima vya palizi na mavuno vitatawanyika na watu walewale watatosha.

Hatua ya 4: Punguza mashimo, usipunguze mimea

Hesabu hii ichukue mahindi kama mfano. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047. Ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja moja, unachimba karibu mashimo 18,000. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, punje mbili mbili, unachimba karibu 9,000. Mimea ni ileile, ila mara za kuinama zimekuwa nusu. Mimea miwili ya shimo moja hunyang'anyana kidogo, lakini penye uhaba wa watu mimi nachagua mashimo 9,000 bila kusita.

Tumia kamba yenye mafundo au vitambaa vya rangi kwenye kila sentimita 60. Kupanda kwa kamba kunaonekana kupoteza muda, na siku ile kweli kunachelewesha. Faida inakuja baadaye: mistari iliyonyooka inaruhusu jembe la gurudumu au la kukokotwa na ng'ombe kupita katikati, na hata mtu wa jembe la mkono anapalilia bila kutafuta mche uko wapi.

Hatua ya 5: Palilia magugu yakiwa madogo

Hapa ndipo ningependa tukae. Kwenye kilimo cha jembe la mkono, palizi mara nyingi ndiyo kazi inayokula siku nyingi kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kwa kuchelewa kuliko zote.

Mahindi hayavumilii magugu kuanzia wiki ya 2 hadi ya 6 baada ya kuota. Katika muda huo mche bado ni mfupi na mizizi yake haijaenea, na gugu likichukua maji na naitrojeni, hasara hairudishwi na palizi ya baadaye. Maharage na mazao mengine mafupi nayo huumia mapema vivyo hivyo, mpaka majani yake yafunike ardhi.

Gugu lenye majani mawili au matatu linakufa kwa kukwaruzwa tu. Unapita umesimama nusu, jembe linateleza juu juu. Lisubiri lifike kiganja cha mkono, litataka kung'olewa, kukung'utwa udongo na kutupwa pembeni, na shina moja la nyasi ngumu linaweza kukuchukua muda ambao ungefuta hatua nzima ya mstari. Kwa hiyo palizi ya kwanza iingie wiki ya pili hadi ya tatu baada ya kuota, hata kama shamba bado linaonekana safi kwa mbali. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanasubiri gugu lionekane kutoka njiani.

Chagua asubuhi ya siku isiyo na dalili ya mvua. Gugu lililokatwa likapigwa na jua la mchana haliamki tena. Likinyeshewa jioni, nyasi nyingi hushika mizizi upya, na kazi yote inarudi mwanzo.

Usiruhusu gugu litoe mbegu, hata baada ya zao kukomaa. Kupita mara moja na kung'oa machache yaliyotoa maua, kabla hayajapukutisha, ni nusu siku ya kazi. Mbegu zake zikishaingia udongoni zitakusumbua misimu kadhaa.

Funika ardhi pale unapoweza. Matandazo ya mabua au nyasi kavu zisizo na mbegu yanazuia mwanga na kushika unyevu. Mazao yanayotambaa, kama kunde au maboga katikati ya mahindi, yanafanya kazi hiyo huku yakiliwa. Mimi napendelea kunde, kwa sababu pamoja na kufunika zinaongeza naitrojeni.

Dawa za kuua magugu zinaokoa siku nyingi, nami sitasema zisiguswe. Ila zina masharti. Soma lebo yote, maana dawa nyingi za kwenye mahindi huua maharage yaliyochanganywa humo, na baadhi hukaa udongoni zikadhuru zao linalofuata. Vaa glavu, viatu vilivyofunika mguu, nguo ya mikono mirefu na kinga ya macho na pua, na usimtume mtoto wala mjamzito. Kisha pima bomba la mgongoni: jaza maji matupu, nyunyiza mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, angalia yametumika maji kiasi gani. Yakiwa lita 2, ekari nzima itataka karibu lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Kipimo cha dawa cha ekari kigawe kwenye hayo mabomba 5. Anayekadiria kwa kifuniko bila kupima ama anaunguza zao ama anayanywesha magugu dozi isiyoua.

Hatua ya 6: Zana

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima yote, hapo natofautiana nao. Jembe butu linakula siku za watu kimyakimya. Weka tupa shambani na noa kila mnapopumzika, dakika tano zinatosha. Mpini uwe na urefu wa kumfaa anayeutumia. Mara nyingi majembe ya nyumba nzima yana mpini wa mtu mmoja, na wengine wote wanalipa kwa viuno vyao.

Baada ya hapo fuata mchoro wa hatua ya 2. Kilima chako kikiwa palizi, tafuta jembe la gurudumu au jembe la palizi la kukokotwa na mnyama. Kikiwa kupanda, tafuta kipanzi cha mkono kinachotoboa na kuangusha mbegu bila kuinama. Kikiwa kupukuchua, mashine ya kupukuchulia. Kodi kwanza msimu mmoja, andika siku zilizookolewa, ndipo uamue kununua. Bei ya kifaa igawe kwa thamani ya siku kinazookoa kila msimu, uone kitajilipa baada ya misimu mingapi. Kikizidi misimu minne, nunueni kwa pamoja watu kadhaa, na kabla ya kununua andikeni nani anakianza, nani anakitengeneza kikiharibika. Ugomvi wa vifaa vya pamoja mara nyingi huzaliwa kwenye wiki ile ile ya kilima, wakati kila mtu anakihitaji siku moja.

Hatua ya 7: Hesabu mwendo na maji

Shamba lililo nusu saa kutoka nyumbani linakula saa moja ya kila mtu kila siku, kwenda na kurudi. Watu 3 kwa siku 60 ni saa 180, sawa na siku 30 za watu zilizoishia njiani. Mazao yanayotaka jicho kila siku, kama mboga na miche, yakae karibu na nyumba. Yale yanayotembelewa mara chache kwa msimu ndiyo yaende mbali.

Maji ni mazito kuliko tunavyokumbuka. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, na lita 1 ni kilo 1. Bustani ya mita za mraba 100 ikihitaji milimita 5 kwa siku ya jua, hizo ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20, kila siku. Kisima kikiwa umbali wa mita 50, mwenye kubeba ndoo moja moja anatembea kilomita 2.5, nusu yake akiwa na mzigo. Kabla ya kuongeza bustani, isogeze. Usipoweza, weka matandazo, mwagilia jioni au alfajiri, na maji yaende kwenye shina tu. Pampu ya kukanyaga au bomba la mpira ukiipigia hesabu ya siku, inaweza kuwa uwekezaji wenye faida kuliko mbolea yoyote utakayonunua mwaka huo.

Hatua ya 8: Nunua kirutubisho, usinunue mfuko

Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko wa uzito huohuo wa CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, yenye asilimia 26 una kilo 13. Gawanya bei ya kila mfuko kwa kilo hizo, ndipo utajua ipi ni rahisi. Urea kwa kawaida inashinda kwenye hesabu hii, hata kwa mzigo wa kubeba, lakini ina sharti: ifukiwe. Ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu, sehemu ya naitrojeni yake inapaa hewani. Kama huna watu wa kufukia, CAN inastahimili zaidi kukaa juu.

Kwenye mashimo 9,000 ya hatua ya 4, mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa gramu 5.5 hivi kwa kila shimo, karibu sawa na kizibo kimoja cha chupa ya soda. Kituo cha utafiti cha ICRISAT kimeeneza kipimo hiki kidogo katika maeneo makavu, ambako kiasi kidogo kwenye shina hufaa kuliko kingi kilichorushwa ovyo na kulisha magugu.

Udongo upimwe kila baada ya miaka michache. Chota sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20 ukitembea kwa zigizagi, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo maabara. Udongo wenye tindikali kali hautarudisha faida ya mbolea mpaka uwekewe chokaa.

Hatua ya 9: Vibarua

Kazi inayoonekana ikikamilika, kama kulima, kufyeka na kusomba, itoe kwa kipande: pima ngwe, kubaliana malipo. Kazi inayotaka uangalifu, kama kupanda, kuweka mbolea na kupalilia karibu na miche, lipa kwa siku na uwe nao. Ukitoa palizi kwa kipande, mtu atakimbia na miche itakatwa, na kosa la kwanza litakuwa lako uliyemfanya akimbie.

Kabla hawajafika, majembe yawe yamenolewa, kamba imefungwa, mbegu imegawanywa, maji ya kunywa yapo. Saa ya kwanza ikipotea kwa kutafuta kamba, na watu ni 6, umepoteza siku nzima ya mtu. Lipa jioni ileile. Anayelipa kwa wakati hupata watu kwenye wiki ya kilima, wakati wengine wanazunguka kuwatafuta.

Hatua ya 10: Linda na uza

Siku zote ulizookoa zinaweza kuishia kwenye ghala. Nafaka ikaushwe juu ya turubai au chanja, isigusane na udongo, hadi unyevu wa asilimia 13. Huna kipimo? Tia chumvi kavu na nafaka kwenye chupa kavu safi, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu bado uko juu ya asilimia 15 hivi, rudisha juani. Nafaka mbichi huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Hapa hasara ni afya ya watoto wako kabla ya kuwa pesa.

Nafaka ikishakauka, mifuko isiyopitisha hewa inazuia wadudu bila dawa: wadudu humaliza oksijeni iliyo ndani na kufa. Mifuko ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, inafanya kazi kwa kanuni hiyo. Usiifungue fungue wiki za mwanzo, na ikague tundu kabla ya kujaza.

Kwenye kuuza, nina mambo mawili tu. Uza kwa kilo, mizani yako ikiwepo. Na ujue kukausha kunapunguza uzito: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zitabaki karibu kilo 92 zikifika asilimia 13. Bei ya zilizokauka lazima ifidie hizo kilo 8 pamoja na siku za kuanika, vinginevyo mnunuzi amepata kazi yako bure. Kutunza nafaka ukingoje bei kunalipa pale tu tofauti ya bei inapozidi gharama ya mifuko, kilichoharibika na riba ya deni ulilonalo. Mwenye deni auze sehemu ya kulilipa mapema, atunze iliyobaki.

Hatua ya 11: Jaribu kwenye kipande kidogo

Usibadilishe shamba zima kwa sababu umesoma hapa. Msimu ujao chagua badiliko moja linalogusa kilima chako kikubwa. Pima mita 10 kwa 10 kwa njia mpya, na mita 10 kwa 10 pembeni yake kwa njia yenu ya siku zote, udongo na mbegu vikiwa vilevile. Kwenye kila kipande andika dakika za kazi, kuanzia kupanda hadi kupukuchua. Siku ya mavuno pima kila kimoja peke yake. Ekari ina vipande kama hivyo 40 hivi, kwa hiyo kipande kilichotoa kilo 30 zilizokauka kinakuambia ekari ingetoa karibu kilo 1,200, na dakika zake ukizizidisha kwa 40 zinakuambia ekari hiyo ingewachukua siku ngapi.